Namba za penseli kwenye majalada ya Baba

Santuri za marehemu Baba ziko kwangu mwaka wa sita sasa, na kwa miaka mitano nilikuwa napiga zile zile. Kumi, labda kumi na mbili. Akija mgeni natoa hizo, nikiwa peke yangu natoa hizo hizo, na nikiulizwa ninazo ngapi najibu kwa fahari kana kwamba zote nazijua. Januari nilizishusha zote rafuni nikazihesabu. Kubwa 96, ndogo 88. Nilikaa sakafuni katikati ya mafungu yale nikaona aibu. Mtu akikuachia vitabu 184 nawe ukasoma kumi, huna haki ya kusema unaijua maktaba yake.

Nikajiwekea sharti. Nitazisikiliza zote, kwa mpangilio aliouacha yeye mwenyewe, pande zote mbili, bila kuruka wimbo. Kubwa moja kwa jioni, au ndogo nne. Simu inabaki chumba kingine, daftari linakaa mapajani. Kuna wiki sikugusa kitu, na kuna wiki sikukosa hata siku moja. Nimemaliza juzi, jioni ya 118, na nataka kuyaandika haya wakati bado yananizunguka kichwani.

Jambo la kwanza nililoligundua halikuhitaji hata kuwasha spika. Ukiishika santuri kwa kingo zake, ukaiinamisha chini ya taa mpaka mwanga uteleze juu yake, inakuambia yenyewe imepigwa kiasi gani. Wengi hudhani zile ni duara nyingi zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Ni mfereji mmoja tu, unaoanzia ukingoni na kujizungusha kama gamba la konokono mpaka karibu na lebo. Upande mmoja wa LP, yaani santuri kubwa, wenye dakika 22 ukiunyoosha mfereji wake unapata karibu nusu kilometa. Sindano inapita humo, kila mara ikisugua kuta zile zile, na vumbi likiwepo linafanya kazi ya msasa. Miaka ikienda, upande unaopendwa unapauka, unakuwa wa kijivu kama goti lisilopakwa mafuta. Upande usiopendwa unabaki mweusi ti, unang'aa, karibu ujitazame uso.

Santuri za Baba karibu zote ziko hivyo. Upande mmoja kijivu, upande wa pili mweusi ti. Mimi nilimjua kama mtu wa kumaliza mambo: sahani ya chakula alimaliza, gazeti alisoma mpaka matangazo ya vifo. Kumbe kwenye muziki alikuwa kama sisi wengine, akikipenda kitu anakirudia mpaka kinapauka, na kingine kinasubiri chini yake miaka arobaini.

Kuna moja ambayo hadi leo nikiitazama nalainika. Ni ya kujifunza Kifaransa, ile ya mwalimu anasema, kimya kinafuata, nawe unarudia. Upande wa kwanza una masomo sita. Ukiiinamisha chini ya taa, unaona rangi ya kijivu kuanzia ukingoni kwa upana wa vidole viwili, halafu, ghafla, weusi mpya unaanza na kwenda hadi kwenye lebo. Nikaipiga nikifuatisha kwa jicho sindano ilikofika. Baba aliishia katikati ya somo la tatu, mahali wanapofundisha kuuliza saa. Hakuwahi kuniambia kwamba alitaka kujua Kifaransa. Nimeijua nia yake hiyo kwa kuiona tu, na nimeona hadi mahali ilipokoma.

Iliyonigusa kuliko zote katika hizi za pande mbili ni An Evening with Belafonte/Makeba, ya mwaka 1965, ile iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Upande wenye Malaika umekwisha kabisa, sauti ya Miriam Makeba inatoka kama inapita kwenye mchanga. Huo nilikulia nao. Ule mwingine nilikuwa sijausikia maishani. Nikaugeuza, nikakaa. Unaanza na wimbo wa treni, na mwishoni kabisa kuna Ndodemnyama, wimbo wa kumwonya Verwoerd, aliyekuwa waziri mkuu wa Afrika Kusini wakati huo. Sauti zake ni nyepesi, za kuitikiana, ungedhani ni wimbo wa harusi, na ndani yake kuna onyo kali. Uliutunga mkono wa Vuyisile Mini, na Mini alinyongwa na serikali ya makaburu Novemba 1964. Santuri ikatoka mwaka uliofuata. Nilisimamisha mashine nikaitazama ile sahani ikipungua mwendo mpaka ikatulia. Kila mara Malaika ilipopigwa nyumbani kwetu, wimbo wa Mini ulikuwa pale pale, umelala kifudifudi chini ya huo mwingine, unazunguka bila kusikika.

Tangu jioni hiyo sikuthubutu tena kuchoka kabla ya kugeuza.

Wala si jambo la ajabu hazina kuwa nyuma. Mwaka 1972 Manu Dibango, mpiga saksafoni wa Kameruni, alirekodi wimbo wa Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Kameruni, na nyuma ya santuri hiyo ndogo akaweka Soul Makossa, wimbo uliompa jina duniani. Ule wa mpira leo nani anauimba?

Na kuna upande wa pili ulioniamulia ugomvi wa zamani. Dada yangu mkubwa alikuwa na kinanda kidogo cha umeme, na alipokuwa na miaka kama 15 alijaribu kufuatisha Kind of Blue, LP ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Upande wa kwanza ukamkatalia. Akibonyeza sauti hii, tarumbeta iko juu kidogo; akipanda sauti inayofuata, amepita. Alilia, akasema kinanda kibovu, Baba akasema kinanda kizima, mwenye sikio bovu ni yeye. Likabaki hivyo. Nilipofika kwenye santuri hiyo nikakumbuka, na kwa kuwa tayari nilikuwa najua kisa chake, nilimpigia simu usiku uleule. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zilirekodiwa siku moja, tarehe 2 Machi 1959, na siku hiyo mashine ya kunasia sauti ilikuwa inakwenda polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Mkanda ulionaswa polepole, ukipigwa kwa mwendo wa kawaida, unakimbia, na sauti inapanda. Kosa hilo lilikaa ndani ya santuri zaidi ya miaka thelathini, likarekebishwa kwenye matoleo ya miaka ya 1990. Upande wa pili ulirekodiwa Aprili 22, na huo uko sawa. Yaani dada angeigeuza tu, kinanda na Miles wangepatana. Alinyamaza kwenye simu kwa muda, halafu akasema, "Kwa hiyo sikio langu lilikuwa zima." Lilikuwa zima, dada. Lilikuwa zima kuliko mashine.

Nisiwachoshe na zile ambazo hazikunipa kitu. Ziko kama thelathini: mkusanyiko wa vibao vya mwaka fulani na fulani, bendi za shaba zinazopiga nyimbo za watu wengine, na moja ya sauti za ndege ambayo imenipita kabisa. Nimezisikiliza kwa heshima, nimezirudisha mahali pake.

Mikwaruzo ndiyo imenifundisha zaidi kuliko nilivyotarajia. Zamani niliichukia. LP inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja unachukua sekunde 1.8. Mkwaruzo unaokata mfereji kutoka nje kwenda ndani utalia "tak" kila baada ya sekunde 1.8, bila kuchelewa, hadi uishe. Sasa kuna LP moja ya rumba ambayo ina mkwaruzo wa namna hiyo unaokata wimbo mzima. Wimbo wenyewe una mapigo mia kwa dakika, nimeupima, na kila pigo ni sekunde 0.6. Kwa hiyo "tak" inaangukia kila pigo la tatu. Lakini wimbo unahesabiwa nne nne. Ukisikiliza kwa makini unasikia mkwaruzo unatembea: unaanza kwenye moja, unaofuata unaangukia nne, halafu tatu, halafu mbili, halafu unarudi kwenye moja. Kila baada ya mizunguko minne unakutana tena na mwanzo wa hesabu, kama mtu aliyetoka uwanjani akacheza peke yake na kurudi kwenye mstari. Nimeisikiliza mara nyingi mno. Mpigaji ngoma wa bendi ile hakuwahi kujua kwamba ana mwenzake.

Na kitu kingine, ambacho sasa nakisikia kila mahali. Mwendo wa mzunguko haubadiliki, ila mfereji wa ukingoni ni mrefu na wa ndani ni mfupi. Ukingoni sindano inapita kama sentimita 50 za mfereji kwa sekunde. Karibu na lebo inapita 20 na kidogo. Sauti ile ile inabidi ibanwe kwenye nafasi chini ya nusu. Ndiyo maana herufi za "s" na "sh" zinaanza kuchomachoma masikio kadiri unavyokaribia mwisho, na ndiyo maana kwenye LP nyingi wimbo wa mwisho wa upande ni mpole. Miaka yote nilidhani ni ladha ya wapangaji, kwamba wanapenda kutuaga taratibu. Kumbe nafasi nayo ina neno lake.

Sasa nifike kwenye namba.

Nyuma ya majalada, pembeni ya majina ya nyimbo, Baba aliandika namba kwa penseli. Si kwenye yote. Ndogondogo, nyepesi, mwandiko wake ule wa kulalia kulia. 4.20. 3.55. 2.50. Kwenye zile santuri ndogo aliandika kwenye kona ya mfuko wa karatasi, kamwe si kwenye lebo, kwa sababu lebo kwake ilikuwa kitu cha heshima. Nilikuwa nimeziona tangu utoto. Nilipokuwa mdogo niliamini ni maksi, kwamba wimbo wenye 5.10 ni mzuri kuliko wenye 3.15. Nilipokua nikadhani ni bei. Baadaye nikaacha kuzifikiria.

Jioni ya 40 na kitu, daftari mapajani, nikawa nimeandika "namba tena", na bila sababu kubwa nikaangalia saa ya ukutani wakati wimbo unaanza. Namba ilikuwa 3.40. Wimbo ulipokwisha nikaangalia tena. Nikauchukua mkono wa mashine, nikarudisha mwanzo, nikaenda kuchukua simu kwa mara ya kwanza tangu nianze, nikapima vizuri. Dakika tatu na sekunde arobaini. Nikapima mwingine. Na mwingine. Hakukosea hata sekunde mbili.

Baba alikuwa anapima urefu wa nyimbo. Santuri zile ndogo nyingi hazikuandikwa muda popote, hivyo ilimbidi akae nazo na saa ya mkononi. Lakini kwa nini? Jibu lilikuja jioni tatu baadaye, kwenye mfuko wa ndani wa LP ambao niliuchomoa ili niusafishe vumbi. Juu yake, kwa penseli ile ile, kuna hesabu ya kujumlisha, namba moja chini ya nyingine:

4.20
3.55
2.50
5.10
3.15
3.40
3.10 + 3.15

Chini yake mstari, na chini ya mstari 29.35. Imezungushiwa duara.

Yeyote aliyewahi kurekodi kanda anaijua hesabu hiyo. Kanda ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande. Baba alikuwa anapanga nyimbo zienee upande mmoja bila wimbo wa mwisho kukatwa, na amebakisha sekunde 25.

Nikamuuliza Mama. Mama ana miaka 74, yuko kwa dada, na tukizungumza kwenye simu huwa anaweka spika na kuendelea na kazi zake, unasikia vyombo. Nikamwambia, "Shikamoo Mama. Baba alikuwa anarekodi kanda?"

Vyombo vikanyamaza.

"Marahaba. Umeziona wapi?"

Nikamweleza hesabu. Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. Akaniambia kwamba kabla sijazaliwa alikwenda masomoni miaka miwili, mbali, na santuri hazibebeki, na huko hakukuwa na mashine. Baba akawa anamtumia kanda. "Alinitumia tatu. Mbili ziliharibika, moja ninayo. Kaitazame kwenye kopo langu la vifungo, bado liko kwako kwenye kabati la chini." Nikamuuliza kwa nini alihangaika kupima. Akasema kama anayesema kitu kinachojulikana na kila mtu: "Baba yako hakupenda wimbo ukatwe, mwanangu. Alisema ni kumkata mtu kauli."

Kopo nilikuwa nalo miaka sita. Kanda ilikuwa chini kabisa, chini ya vifungo vya koti. Kwenye karatasi yake hakuna majina ya nyimbo. Kuna neno moja tu, "Jioni".

Kabla ya kuipiga nilifanya jambo ambalo nalifurahia. Nilichukua ile hesabu, nikazitafuta nyimbo zote saba kwenye majalada kwa namba zake, nikazipanga, nikazipiga kwa mfuatano aliouandika, kutoka kwenye santuri zenyewe. Malaika imo. Dakika 29 na ushei. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia nyimbo zile kama sentensi moja. Mmoja mmoja nilikuwa nazijua zote. Zikifuatana, nilielewa kwamba hakuzipanga kwa urefu tu. Zinaanza na za kuchangamka, kama mtu anayeingia na habari, na zinashuka polepole hadi zinakuwa za mtu aliyekaa kitini usiku.

Halafu ndipo nikaipiga kanda, na wa mwisho ukaniinua kwenye kiti.

Wimbo wa mwisho ni ule wa "3.10 + 3.15". Ni wa Mbaraka Mwinshehe na bendi yake ya Super Volcano, kwenye santuri ndogo. Santuri ndogo ya mizunguko 45 inabeba dakika chache kila upande, na bendi zetu za dansi na zile za Kongo hazikuwa na nyimbo za dakika tatu. Kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza mbele, sehemu ya pili nyuma. Mbele kuna maneno, kisa chenyewe. Nyuma kuna chemko, magitaa yamefunguliwa, na pale ndipo unapoisikia mikono ya Mbaraka. Zilipokuja LP bendi zikapumua. Franco wa Kongo alipotoa wimbo wa Mario mwaka 1985 aliweza kusimulia, kulalamika na kuchemka kwa zaidi ya dakika kumi bila mtu kuinuka kitini. Ila kwenye zile ndogo, wakati wimbo unapamba moto, unainuka, unageuza, unaweka sindano upya. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari, na sehemu kubwa ya alichotuachia kiko hivyo, kimekatwa katikati.

Kwenye kanda ya Mama hakijakatwa.

Nilirudisha nyuma nikasikiliza mara nane. Sauti ya mwimbaji inamaliza ubeti, gitaa la besi linapiga mara moja, kuna kitu kidogo sana, "tk", chepesi kama ukucha kwenye meza, na gitaa la solo linaingia palepale, kwenye pigo lenyewe. Ukicheza huwezi kukosea hatua. Hiyo "tk" ni kitufe cha kusimamisha kanda kwa muda. Alikibonyeza juu ya pigo, akageuza santuri, akashusha sindano, akasubiri, na akakiachia juu ya pigo. Na wakati anafanya hivyo hawezi kujua kama amepatia, kwa sababu wakati wa kunasa husikii kiungo, unasikia kinachokuja tu. Ni mpaka urudishe kanda nyuma. Ukikosea, unaanza tena sehemu ya kwanza yote, dakika tatu na sekunde kumi, na kidole juu ya kitufe.

Nilitaka kujua inachukua nini. Niliazima mashine ya kanda, nikaiunga, nikatoa santuri ile ile. Kiungo changu cha kwanza kilikuwa na pengo la nusu sekunde. Ungesema bendi imejikwaa. Cha pili nikaachia mapema, kukaingia mngurumo wa sindano ikishuka. Cha tano nilipatia kuachia lakini nilikuwa nimechelewa kubonyeza, pigo moja likazidi. Ilipofika cha kumi na moja ilikuwa saa sita usiku, na kilikuwa kizuri kiasi, ila ukicheza nacho, mguu unasita. Vidole vyangu vilikuwa vinatetemeka kidogo. Nikakaa nikafikiria yeye alijaribu mara ngapi, baada ya kazi, akiwa na miaka michache chini ya niliyonayo mimi sasa, kwa ajili ya kiungo ambacho kikipatikana vizuri hakuna atakayekisikia.

Nimepiga santuri 184, pande zote. Nimesikia Miles, Makeba, Franco, Mbaraka, na wengine wengi ambao sikuwaandika hapa. Lakini nikiulizwa nilichokisikia vizuri zaidi, ni ile "tk". Baba hakupiga ala yoyote. Hakuwahi kuimba mbele yetu. Hapo tu, kwenye kanda ya mkewe, kidole chake kimo ndani ya muziki, nacho kimepiga pigo moja, sawasawa.

Jumamosi Mama alikuja. Sikumwambia lolote kuhusu viungo wala vitufe. Nilimwekea kiti karibu na spika, nikaweka kanda. Alisikiliza mikono imelala mapajani, midomo ikifuata maneno bila sauti. Kwenye Malaika alifumba macho. Ilipofika ile sehemu ya kiungo nikamtazama usoni. Hakuna kilichobadilika, kichwa kilikuwa kinaitikia pigo na kiliendelea kuitikia.

Wimbo ukaisha. Zile sekunde 25 alizobakisha, Baba hakuziacha kimya. Hakuinua sindano. Ilifika mwisho, ikaingia kwenye ule mfereji wa ndani kabisa usiokwenda popote, ikawa inazunguka: tap, tap, tap, mara 22, nimezihesabu, kwa sababu kanda huwa na ziada kidogo. Mtu amekaa karibu na mashine na hajainuka. Mimi nilidhani muziki umekwisha, nikanyoosha mkono kuzima.

Mama akanishika kiganja.

"Subiri," akasema. "Bado."